Hati Ilikuwa Kwenye Sanduku Letu

Sanduku la kikundi chetu cha kuweka na kukopa ni la bati na lina kufuli tatu. Ufunguo mmoja anao mwenyekiti, wa pili anao mama mmoja wa Katonga, wa tatu ninao mimi mweka hazina. Kila Jumapili alasiri tunakutana Kibirizi, hapa Kigoma, nyuma ya vichanja vya kuanikia dagaa, tunalifungua mbele ya wanachama wote, tunahesabu, tunafunga. Kwa mwaka mzima na zaidi, chini kabisa ya sanduku hilo, chini ya vitabu vya hisa na bahasha ya mfuko wa jamii, ilikaa hati ya nyumba ya mtu aliyetukopa shilingi milioni 14. Kila Jumapili niliiona. Nilikuwa nalala usingizi kwa sababu yake.

Naandika haya kwa sababu najua masanduku mengine mengi yana hati za watu chini, na kuna waweka hazina wenzangu wanaolala usingizi uleule.

Mkopo tuliutoa Machi 2023. Mkopaji hakuwa mgeni. Alikuwa mwanachama mwenzetu, mnunuzi wa dagaa anayejulikana, mwenye kipe chake, yaani chombo cha kuvulia dagaa, na injini mbili, na nyumba yake ya matofali ya kuchoma upande wa Gungu kila mmoja wetu alikuwa anaijua. Katiba ya kikundi inasema mkopo unaozidi milioni 5 uwe na dhamana ya nyumba au kiwanja, naye akaileta hati siku hiyohiyo bila kusumbua. Tukaandikishana mkataba ofisini kwa mwenyekiti wa mtaa, mashahidi wanne, picha za pasipoti, mhuri kila ukurasa. Mkataba ulisema nyumba ni dhamana na hati itakaa kwetu mpaka deni liishe. Tuliona tumemaliza kila kitu.

Marejesho tulipanga kwa giza. Wasiokaa mwambao wa Tanganyika niwaeleze: dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa huvuta dagaa pale mwezi unapokuwa haupo. Mbalamwezi ikitoka vipe vinapumzika na watu wanashona nyavu. Kwa hiyo kwetu mtu hadaiwi tarehe 30, anadaiwa giza likiisha.

Alilipa vizuri mpaka tukapokea milioni 5 na nusu. Kuanzia mwisho wa mwaka akaanza kusuasua, mara leo nusu, mara wiki ijayo. Halafu Serikali ikasimamisha uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane, na kwa miezi hiyo mitatu hatukumdai mtu yeyote. Sisi wenyewe tulikuwa tunauza mawese na mihogo ili watoto wale. Ziwa lilipofunguliwa, giza la kwanza likapita, la pili likapita, simu yake ikawa inaita tu.

Kwenye kikao wengine walikuwa wanapiga kelele, mimi nikawatuliza. Nilisema, hati tunayo, hawezi kwenda popote. Maneno hayo yameandikwa kwenye daftari la mihtasari kwa mwandiko wa katibu, na mpaka leo nikilifungua ukurasa ule naumia.

Aliyetufumbua macho ni kijana mmoja anayefanya kazi za upimaji wa viwanja, mpwa wa mwenyekiti. Aliuliza kama tumewahi kufanya upekuzi, yaani sachi, kwenye ofisi ya ardhi. Hatukuwahi. Tukajaza fomu, tukalipa ada, tukarudi kuchukua majibu. Karatasi niliisoma nimesimama koridoni. Jina ni lake. Namba ya kiwanja ni ileile. Chini yake ilisema imetolewa hati nyingine badala ya iliyopotea, na juu ya hiyo hati mpya imesajiliwa rehani ya benki moja tangu Februari 2024.

Iliyopotea! Hati ambayo Jumapili iliyotangulia nilikuwa nimeinyanyua kwa mkono wangu ili nitoe kitabu kilichokuwa chini yake.

Baadaye tulielewa ilivyokuwa. Mtu akipotelewa na hati, anatoa taarifa polisi, anaapa kiapo, anapeleka maombi kwa Msajili wa Hati, na tangazo linatoka kwenye Gazeti la Serikali kwamba baada ya mwezi mmoja, asipotokea wa kupinga, itatolewa nyingine. Utaratibu huo ni mzuri, maana hati zinaungua, zinaliwa na mchwa, zinasombwa na maji. Lakini unategemea kwamba mwenye cha kupinga ataliona tangazo, au kwamba jina lake limeshaandikwa kwenye daftari la msajili ili ajulikane yupo. Sisi hatukulisoma tangazo, na jina letu daftarini halikuwepo. Mbele ya sheria tulikuwa hatuonekani.

Msaidizi wa kisheria wa kata yetu alitupeleka kwa wakili anayemfahamu. Wakili alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Rehani yenu iko wapi, mama?"

Nikamwambia ipo, iko kwenye sanduku, tena imefungwa kufuli tatu.

"Hapana. Nauliza kwenye daftari iko wapi."

Akaichukua ile hati, iliyokuwa inanuka dagaa kutokana na kukaa na vitu vyetu, akaifungua ukurasa wa nyuma na kuugeuza kwangu. Ukurasa ulikuwa mweupe. Akanionyesha kwa kalamu mahali ambapo msajili huandika na kugonga mhuri rehani inaposajiliwa. Nilikuwa nimeilinda karatasi ile miezi kumi na minane na sikuwahi kuigeuza nyuma.

Alitueleza taratibu. Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334, inataka muamala juu ya ardhi iliyosajiliwa uandikishwe ndipo uwe na nguvu ya kuhamisha au kuanzisha haki katika ardhi hiyo. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 haimkatazi mkopaji kuweka hati yake kwa mkopeshaji kwa makubaliano ya maandishi, hilo linatambulika, lakini zikikutana rehani mbili juu ya nyumba moja, iliyosajiliwa inatangulia isiyosajiliwa, na zilizosajiliwa zinafuatana kwa zamu ya usajili. Sisi tulikopesha karibu mwaka mmoja kabla ya benki, na bado tulikuwa nyuma yake. Wazee wetu walisema mwenye shoka hakosi kuni. Shoka tulikuwa nalo, tulilifungia ndani.

Ndipo akatutajia kaveti. Neno hili tulikuwa tumelisikia kwenye kesi za mirathi za watu, tukidhani ni amri ya mahakama. Siyo. Ni zuio linaloandikwa kwenye daftari la ardhi na mtu anayedai ana haki katika ardhi hiyo. Likishaandikwa, msajili hapaswi kusajili uhamisho au rehani inayogongana na dai lako bila wewe kuarifiwa. Mwenye ardhi naye anapelekewa taarifa, na akiona umemwonea anaweza kwenda Mahakama Kuu kuomba uitwe ueleze kwa nini kaveti yako isiondolewe. Haisemi nyumba ni ya nani, wala haimlipi mtu deni.

Kabla ya kujaza fomu wakili aliniuliza swali ambalo sitalisahau. "Mnadai pesa, au mnadai haki katika nyumba?"

Nikasema tunadai pesa, milioni 8 na nusu.

Akatikisa kichwa. Akasema anayedai pesa peke yake hana cha kuwekea kaveti. Muuza duka aliyemkopesha mtu mchele hawezi kwenda kufunga hati ya nyumba ya mdaiwa wake, hata deni likiwa kubwa kiasi gani. Huyo afungue madai, apate hukumu, akazie hukumu, yaani aombe itekelezwe. Kaveti ni ya mtu ambaye dai lake limegusa ardhi yenyewe: aliyeinunua na bado hajahamishiwa, mrithi, mwenza wa ndoa, aliyewekewa ardhi hiyo kuwa dhamana. Kilichotuokoa ni sentensi moja ndani ya mkataba wetu, iliyosema nyumba ni dhamana na hati itakaa kwetu. Wakili aliipigia mstari mara mbili. Mikataba mingine tuliyokuwa nayo sandukuni ilisema tu mkopaji "atawajibika kwa mali zake zote", na hiyo, alisema, isingefika mbali.

Kwa hiyo tukaapa kiapo, tukaambatisha mkataba na nakala ya hati, tukajaza fomu kwa majina ya viongozi watatu, tukalipa. Kaveti ikaingia Oktoba 2024. Wakili akatuonya hapohapo: msishangilie. Rehani ya benki iko mbele yenu, na kaveti hairuki foleni. Benki ikitaka kuuza kwa haki yake ya zamani, kaveti yenu ya leo haiwezi kuifuta haki hiyo.

Wiki chache baadaye benki ikampa mkopaji notisi ya siku 60. Zilipoisha, dalali akabandika tangazo la mnada kwenye ukuta wa nyumba. Sheria ya madalali inataka mnada wa ardhi utangazwe siku 14 kabla, na tangazo liwe kwa Kiswahili pia ili watu walielewe. Hili lilieleweka vizuri mno. Mtaa mzima ulilisoma.

Jioni ya siku hiyo mke wake alikuja nyumbani kwangu.

Nilidhani anakuja kuomba huruma, nikawa nimeshajiandaa kumwambia kwamba na sisi tumeumizwa. Alikaa kwenye mkeka, akakataa chai. Akasema ile nyumba waliijenga pamoja, matofali aliyabeba yeye kichwani akiwa na mimba ya mtoto wa tatu, bati zilinunuliwa kwa pesa ya mawese yake. Benki hakwenda. Fomu ya ridhaa hakuweka sahihi. Mumewe aliapa kwamba hana mke.

Nikasema, "Pole sana mdogo wangu, benki imekukosea."

Akaniangalia. "Na nyinyi, dada, mliniuliza?"

Sikuwa na jibu. Kwenye mkataba wetu kulikuwa na mwenyekiti wa mtaa, mashahidi wanne, picha na mihuri, na mwanamke anayelala ndani ya nyumba ile hakuwepo. Zaidi ya nusu ya wanachama wetu ni wanawake. Wote tulimjua. Tulikuwa tunakutana naye sokoni, na hakuna aliyefikiri kumwita.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu hili ndilo ninalolisema sasa kila ninapopewa nafasi. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inasema mume au mke hawezi kuuza, kugawa, kupangisha wala kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina lake peke yake. Na kifungu hichohicho kinasema yule mwenza asiyeandikwa ana haki inayoweza kulindwa kwa kaveti. Tangu 1971! Mwanamke yule angeweza kwenda ofisi ya ardhi miaka kumi iliyopita, na cheti chake cha ndoa, akaandika kaveti, na mumewe asingepata rehani ya benki pasipo yeye kujulishwa. Hakuna aliyemwambia. Sheria ya Ardhi nayo, kifungu cha 114, inamtaka mkopaji aseme kama ana mwenza, na mkopeshaji achukue hatua za kuhakikisha. Mimi naona kiapo cha mtu kusema hana mke hakipaswi kutosha, wakati watoto wanne wanacheza uani.

Niliamka asubuhi nikamshika mkono, nikampeleka kwa msaidizi wa kisheria yuleyule aliyetusaidia sisi. Wenzangu wawili walinikasirikia. Walisema namsaidia mtu ambaye kesi yake ikifaulu, dhamana yetu nayo inaanguka, kwa kuwa kosa la benki na letu ni moja. Walikuwa wanasema kweli. Lakini sikuona namna ya kumwacha.

Alianzia baraza la kata. Tangu mabadiliko ya 2021 mabaraza ya kata hayatoi tena hukumu za ardhi, yanasuluhisha tu, na yakishindwa yanatoa cheti cha kwamba usuluhishi umeshindikana ndipo uende juu. Kutoka hapo akafungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya dhidi ya mumewe, benki na dalali, na akaomba zuio la muda. Hili ni tofauti na kaveti yetu, watu wanayachanganya kwa sababu yote huitwa zuio: la kwake lilitolewa na mwenyekiti wa baraza baada ya kusikiliza, na lilisimamisha mnada wenyewe. Letu lilikuwa limelala kwenye daftari la msajili, likisubiri mtu aje na karatasi.

Mtu akaja na karatasi. Wakili wa benki, nadhani baada ya kuona cheti cha ndoa na picha za harusi, alianza kutafuta suluhu. Benki ilikubali kuacha mnada na kupanga upya mkopo kwa muda mrefu zaidi, mke akiwa sehemu ya makubaliano na akiweka sahihi yake kwa kujua. Lakini rehani mpya iliyorekebishwa ilihitaji kusajiliwa, na msajili alipofungua daftari alikuta kaveti. Tukaarifiwa. Tukaitwa mezani.

Siku ile tulikaa watu tisa kwenye chumba kidogo chenye feni moja. Mume hakuinua uso. Baadhi yetu tulikuwa tumetaka apelekwe polisi kwa kiapo cha uongo, na taarifa tulikuwa tumeipeleka. Lakini mke wake alisema mbele ya wote kwamba akifungwa, deni litalipwa na watoto. Kipe na injini zikauzwa, benki ikapata malimbikizo yake. Sisi tulikubali kupokea milioni 7 badala ya 8 na nusu, kwa awamu, na kaveti yetu ibaki mpaka awamu ya mwisho, sisi tukiridhia kwa maandishi kwamba rehani ya benki isajiliwe mbele. Makubaliano yakaandikwa, yakapelekwa barazani, yakawa tuzo, yaani uamuzi wa baraza unaotufunga wote. Yule mama mwenyewe ndiye amekuwa akileta pesa, kila giza likiisha, ingawa biashara yake ni mawese na haihusiani na mwezi.

Milioni moja na nusu ilipotea. Kwa benki ni kidogo. Kwetu ilikuwa gawio la wanachama kumi na moja mwaka ule, na mmoja wao alikuwa ameitegemea kwa ada ya binti yake ya chuo. Nilimwomba radhi mbele ya kikao. Alinisamehe kwa mdomo, sijui moyoni.

Sasa mambo yetu yamebadilika. Hati hatuipokei bila sachi ya wiki hiyohiyo. Mkopo mkubwa unasajiliwa au hautolewi, na gharama za usajili tunamweleza mkopaji mapema ili asione tumemtegea. Mwenza anakuja na miguu yake, anasomewa mkataba, anauliza maswali. Anayesema hana mwenza tunamfuatilia kwa mjumbe na majirani, haya yake tunaiheshimu lakini tunauliza. Wenye karatasi za mauziano za mtaani tu, ambao kwetu ni wengi, tunawaambia ukweli kwamba kaveti haina mahali pa kushika kama ardhi haipo daftarini, na wenye hakimiliki ya kimila tunawaelekeza kwenye masjala ya ardhi ya kijiji chao. Wanachama wawili wameondoka kwa sababu ya masharti haya. Wamekwenda kwa wakopeshaji wa kausha damu, ambao wanachukua kadi ya benki na namba ya siri bila maswali. Hilo linanisumbua na sijapata dawa yake.

Awamu ya mwisho ililetwa mwaka huu. Tukajaza fomu ya kuondoa kaveti, na ilitakiwa pia tuipeleke ile hati ya zamani, iliyohesabiwa kupotea, irudishwe kwa msajili. Nilimwomba yule mama tufuatane. Tulipokuwa tumekaa kwenye benchi kusubiri kuitwa, akaniuliza kama anaweza kuishika. Akasema katika miaka kumi na tisa ya ndoa hakuwahi kuiona, mumewe aliiweka kabatini kwa ufunguo.

Aliifungua polepole juu ya mapaja. Akasoma jina la mume, namba ya kiwanja, mipaka, akafuata kwa kidole ramani ndogo ya kiwanja mpaka kwenye kona ambako, alisema, kuna mti wa mwembe alioupanda yeye. Kisha akatoa simu, akapiga picha kila ukurasa, pamoja na ule mweupe.